Kushuka Kamsamba

Kazi yangu ni kufundisha waendesha mitambo katika mgodi wa dhahabu ulio mbali kaskazini, upande wa Ziwa Victoria. Wanafunzi huletwa kwangu kutoka pembe zote za nchi. Vishikio, pedali na taa za dashibodi si tatizo, mkono wa kijana huvizoea upesi. Kigumu ni kumfundisha mtu kuisoma ardhi: ajue udongo upi utambeba na upi utamzamisha, maji yatapita wapi mvua ikinyesha usiku, ukingo wa shimo unaanzia kulegea wapi. Somo hilo huchukua miezi, na wengine hawalipati kabisa.

Kwa miaka kadhaa niliona jambo moja likijirudia. Vijana waliotoka Bonde la Ziwa Rukwa, hasa wa Kamsamba na vijiji vya jirani, walikuwa wanalijua somo hilo kabla sijaanza kulifundisha. Walikuwa wakishuka kwenye mtambo, wanaukanyaga udongo kwa kisigino, kisha wanapanda tena na kuchagua njia. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Mmoja wao, ambaye sasa anaendesha buldoza kwa utulivu kuliko wengi waliomtangulia, aliniambia, "Mwalimu, nenda nyumbani kwetu ukaone." Likizo yangu ya mwezi wa sita ilipofika, nikaenda.

Tunduma

Nilianzia mpakani. Tunduma ni mji usiolala. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam yanajipanga barabarani yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na yanayorudi yamebeba shaba ya Zambia na ya Kongo. Wachuuzi wanapita kati ya magurudumu na mayai ya kuchemsha, maji na vocha. Ukisikia mtu anasalimiwa "Mulishani" na anajibu kwa Kiswahili, usishangae. Watu wa hapa wana ndugu pande zote mbili, na mpaka uliwakuta Wanyamwanga wakiwa tayari wanaishi huku na kule. Juu ya kelele zote husikika honi ya treni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, nayo hupita hapa ikielekea Kapiri Mposhi.

Nilichokitazama mimi zaidi ni lobedi, yale malori ya kubebea mitambo. Jioni ile ziliegeshwa kadhaa kwa safu, zimebeba buldoza na eskaveta ambazo mikono yake imefunguliwa na kulazwa pembeni, na moja ilikuwa na sanduku la dampa kubwa la mgodini, pana kiasi cha kuziba njia nzima. Mitambo hiyo yote ilikuwa inakwenda Copperbelt na Katanga. Kwa miaka nenda rudi watoto wa Tunduma na wilaya ya Momba wamekua wakiitazama ikipita. Wanaijua kwa rangi na kwa umbo. Wachache sana wamewahi kuiona ikishushwa kwenye ardhi yao ifanye kazi.

Nilikula ugali kwa kapenta kwenye banda la mama mmoja aliyeniuliza natokea wapi na nakwenda wapi. Nilipotaja Kamsamba alicheka kwa furaha, akasema kule kuna wali wa kweli, na kwamba nikirudi bila gunia nitakuwa sikufika.

Ndolezi

Kesho yake mimi na dereva wangu tulirudi nyuma kwa barabara kuu, tukapita Vwawa, makao makuu ya mkoa wa Songwe tangu ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na baada ya hapo tukaacha lami kwenda Ndolezi kukiona Kimondo cha Mbozi.

Nilikuwa nimesoma habari zake shuleni kama kila Mtanzania, lakini kusoma ni kitu kimoja na kusimama mbele yake ni kingine. Kimelala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, urefu wake kama mita tatu, uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16. Dunia ilikifahamu mwaka 1930, pale mpima ardhi William Nott alipokikuta, ingawa wenyeji walikijua kabla yake. Kikiwa ardhini kilionekana sehemu tu. Udongo wa chini uliondolewa, ikaachwa nguzo fupi ya kukishikilia.

Mtu wa mitambo hawezi kukitazama bila kupiga hesabu. Mwamba wa kawaida wenye uzito huo ungekuwa mkubwa mara tatu hivi. Hiki ni chuma, asilimia 90 hivi, na kilichobaki karibu chote ni nikeli. Eskaveta ya tani 22, ile ninayoanzia kufundishia, isingekiinua. Ingepinduka kabla jiwe halijaachana na ardhi. Nilizunguka mara nyingi nikitafuta mahali ambapo ningeweka mnyororo kama ningeambiwa nikihamishe, na nafurahi kwamba hakuna aliyewahi kuambiwa. Nikaweka kiganja juu yake. Ilikuwa bado asubuhi na chuma kilikuwa cha baridi kali.

Igamba na ukingo wa bonde

Tulirudi barabara kuu hadi Mlowo. Kutoka hapo barabara ya Kamsamba inapita Igamba, katikati ya mashamba ya kahawa. Ilikuwa msimu wa kuchuma. Familia nzima zilikuwa shambani, na mbele ya nyumba kahawa ilianikwa kwenye vichanja vya waya, wanawake wakiichambua kwa mikono. Uwanda wa Mbozi uko juu, zaidi ya mita 1,500 mahali pengi, na hewa yake hukufanya uvae koti hata saa nne. Wanyiha wa huku wanakula vizuri: maharage, viazi, ndizi, na ugali wa ulezi wenye rangi ya udongo, ambao niliomba niongezewe.

Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya changarawe. Nikiwa njiani huwa siwezi kuacha kusoma kazi ya aliyepita na greda. Mwendesha greda mzuri huacha mgongo katikati ili maji yakimbilie mitaroni. Asiyejua huacha barabara bapa, na mvua ya kwanza inaigeuza mto. Nilimwonyesha dereva vipande viwili vilivyofuatana, udongo uleule, mteremko uleule. Kimoja kilikuwa imara, kingine kimeota mawimbi na kukatika ubavuni. Tofauti ilikuwa pembe ya bledi na subira ya mtu aliyeishika. Kwa wanaoishi mwisho wa barabara kama hii, subira hiyo inaamua kama mama mjamzito atafikishwa hospitali mwezi wa tatu.

Halafu ardhi ikaisha. Sina namna nyingine ya kulieleza. Unatoka kwenye miombo, unakata kona, na mbele yako hakuna kitu ila bonde lililofunikwa na ukungu wa joto, na mbali sana, ng'ambo, ukuta wa buluu ambao wenyeji wanauita Lyamba lya Mfipa, ukingo wa uwanda wa Ufipa. Hili ni tawi la Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka, katikati ikazama, na ziwa likakaa humo, kwenye mita 800 hivi juu ya bahari, bila mto wowote unaolitoa maji. Joseph Thomson, Mskoti aliyelitazama kutoka juu mwaka 1880, alilipa jina la mfalme wa Ubelgiji, Leopold. Jina halikushika. Linaitwa Rukwa.

Tulishuka kwa gia ndogo. Kila kona joto liliongezeka, na miti ikabadilika: mibuyu ikajitokeza, na miiba. Koti nililovua sikulivaa tena hadi niliporudi juu.

Kamsamba

Wazazi wa kijana wangu walikuwa wakinisubiri. Baba yake, mzee wa Kinyamwanga mwenye sauti ya chini, alinipokea kwa mikono miwili, na mama akapiga goti na kugonga viganja taratibu, heshima ambayo sikujua niipokeeje ila kwa kuinama. "Karibu mwalimu wa mtoto wetu," wakasema. Nikawasalimu shikamoo wote wawili.

Kamsamba iko kando ya Mto Momba, ambao sehemu ya maji yake inatoka Zambia kwa Mto Saisi, unakata Ufipa na kuja kumwaga tope lake hapa kabla ya kuingia ziwani. Tope hilo ndilo utajiri. Mpunga unastawi, mahindi yanastawi, na kwenye ardhi ya juu kidogo kuna ufuta. Wawanda na Wanyamwanga wamekuwa hapa kwa vizazi; Wasukuma walikuja baadaye na ng'ombe wao, na leo majaruba na majembe ya kukokotwa na maksai ni ya kila mtu.

Mwezi wa sita ni wa mavuno. Usiku ule tulikula wali mpya, uliokobolewa wiki ileile, na kambale aliyechemshwa kwa nyanya na chumvi bila mafuta. Mama alisikitika kwamba hapakuwa na magege, samaki wanaopendwa zaidi. Nilimwambia ukweli, kwamba sijala wali wenye harufu kama ile kwa miaka mingi.

Lakini nilichokuja kukiona nilikiona asubuhi. Kijana wangu ana dada mdogo, msichana aliyemaliza kidato cha nne. Alikuwa anarudisha nyuma mkokoteni wa maksai wawili uliojaa magunia, kati ya nyumba na ghala, kwenye uchochoro ambao haukuacha nafasi ya mkono pande zote mbili. Kurudi nyuma na mzigo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mgodini, wakati wa kurudi nyuma ndipo watu wanapokufa. Dampa lililoshiba lina tani 160, gurudumu lake ni refu kuliko mtu, na nyuma yake kuna eneo pana ambalo dereva haoni kitu. Ndiyo maana tunafundisha honi moja kabla ya kuwasha, mbili kabla ya kwenda mbele, tatu kabla ya kurudi, na tuta la ukingoni lisipungue nusu ya kimo cha gurudumu kubwa linalopita hapo.

Msichana yule alisimamisha maksai. Akazunguka mkokoteni mzima kwa miguu. Akamfukuza mtoto aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya gurudumu, akaondoa gogo, akaukanyaga udongo mahali palipomwagika maji, kisha akarudi mbele, akapiga mluzi, na ndipo akawarudisha. Mkokoteni uliingia bila kugusa ukuta. Nimewahi kuona watu wenye vyeti vitatu wakiruka kila moja ya hatua hizo.

Nikamuuliza nani alimfundisha. "Babu," akasema. "Alikuwa anasema ng'ombe hana macho nyuma, macho yake ni wewe."

Nilikaa Kamsamba zaidi ya nilivyopanga. Nilitembea kwenye majaruba na baba yake, akanionyesha namna anavyopima usawa wa jaruba kwa kulijaza maji kidogo na kuangalia pakavu panapobaki. Alinionyesha udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi hadi mguu unaingia na masika unakuwa gundi, na akaeleza ni siku ngapi baada ya mvua mkokoteni unaweza kupita na ni siku ngapi unaweza kupita ukiwa na mzigo. Mimi hueleza mambo hayo darasani kwa michoro na video. Yeye aliyaeleza kwa fimbo, na nikaandika daftari nzima.

Darajani

Jioni vijana hukusanyika kwenye Daraja la Momba. Lina urefu wa mita 84 na ng'ambo yake ni Kilyamatundu, mkoa wa Rukwa. Wazee wanakumbuka kivuko cha zamani na watu waliochukuliwa na maji; mto huu ukifurika haubembelezi mtu, na una mamba.

Vijana wa pale walinizunguka waliposikia kazi yangu. Wengi wao walitazama mitambo ya ujenzi wa daraja hili wakiwa watoto. Waliweza kunieleza kwa mpangilio kilichokuja kwanza na kilichofuata: buldoza la kusafisha, eskaveta ya kuchimba misingi, rola ya kushindilia tuta la barabara. Mmoja alikuwa amehesabu mara ngapi rola ilipita kabla mhandisi hajaridhika. Nilimuuliza kwa nini alihesabu. Akanitazama kana kwamba swali lenyewe halieleweki, akasema alitaka kujua inafanya nini.

Ivuna

Tuliondoka Kamsamba kwa pikapu, baba na binti yake wakiwa pamoja nasi, kwa kuwa mzee ana dada yake Itumbula. Tulisimama Ivuna.

Ivuna ina chemchemi za maji ya chumvi, na watu wamechimba na kupika chumvi hapa tangu karne nyingi kabla ya mkoloni. Mwaka 1966 mwanaakiolojia Brian Fagan alifukua majalala yao: vyungu vilivyovunjika kwa wingi, majivu, na tabaka juu ya tabaka za makazi yanayorudi hadi karne ya 13 hivi. Udongo wenye chumvi ulichujwa, maji yake yakachemshwa hadi yakakauka. Chumvi ya bonde ilibebwa kichwani kwenda nchi za juu. Kwa hiyo mtu akisema uchimbaji ni jambo geni kwa watu wa Momba, aje Ivuna kwanza.

Na kuna lile lililotoka juu. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka hapa. Si chuma kama cha Ndolezi. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 700 tu, jiwe jeusi, laini, linalovunjika upesi, lenye maji ndani ya madini yake na muundo wa kemikali unaokaribiana sana na wa jua lenyewe ukiondoa gesi. Vimondo vya aina hiyo ni vichache mno duniani, na wanasayansi wameliita kundi hilo kwa jina la Ivuna. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kiliporudisha mchanga wa sayari ndogo ya Ryugu mwezi Desemba 2020, maabara zilipoupima zilikuta unafanana na jiwe la Ivuna. Kipande kikubwa kiko kwenye jumba la makumbusho London. Nilimsimulia binti yule, akatazama mashamba ya ufuta kwa muda, akauliza kama kuna mtu aliyeumia. Nikamwambia sijasoma popote kwamba kuna aliyeumia. "Basi vizuri," akasema.

Mzee alikuwa na kumbukumbu nyingine ya kitu kutoka angani: nzige wekundu. Mbuga za Rukwa ni miongoni mwa mazalio yao makuu. Baba yake alimsimulia miaka ya 1930 na 1940, pale makundi yalipotoka mabondeni na kufika kusini mwa bara zima. Ndiyo maana baada ya Vita Kuu ya Pili serikali zilizotawala ukanda huu ziliungana kuunda shirika la kuwazuia, makao yake yakiwa Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Magari yake ndiyo yalikuwa ya kwanza ambayo baba wa mzee alipata kuyaona yakitembea mahali pasipo na barabara.

Itumbula

Itumbula kuna chemchemi za maji moto. Maji hutoka na mapovu, na mapovu hayo ndiyo yaliyoleta wageni. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba Bonde la Rukwa lina heliamu nyingi. Gesi hiyo huzaliwa taratibu ndani ya miamba mikongwe yenye urani na thoriamu, na joto la Bonde la Ufa ndilo linaloifungua ipande juu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kisima kilichochimbwa hapa hadi mita 961 kilitoa gesi yenye heliamu karibu asilimia 5. Kwingineko duniani huvunwa kutoka kwenye gesi asilia hata ikiwa chini ya asilimia moja. Sumaku za mashine za MRI hospitalini hupozwa kwa heliamu iliyo kimiminika, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri.

Kwa shangazi tulikaribishwa ugali wa mtama na mlenda, na majirani wakaja. Swali lao lilikuwa moja, na waliliuliza bila kuzunguka: kazi zitakuwa za nani?

Nikawajibu kadiri ninavyojua. Hapa hapatakuwa na shimo kubwa kama la dhahabu. Kisima cha gesi kinahitaji greda kwa barabara, eskaveta ya kuchimba mabwawa ya tope, kreni ya kuinua mabomba, foklifti, maboza ya maji. Viti ni vichache. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinataka kazi na mafunzo viwafikie wananchi, lakini kanuni haimpandishi mtu kwenye mtambo kama hana leseni na cheti mkononi siku mitambo inapofika. Mafunzo yaanze kabla. Nimeona kaskazini vijiji vilivyokaa ukutani mwa mgodi miaka mingi, watoto wao wakiuza maji getini, kwa sababu hakuna aliyewaambia hilo mapema. Sitaki litokee huku, kwa watu ambao wanaijua ardhi hii kuliko mwendeshaji yeyote atakayeletwa na lobedi kutoka Dar es Salaam.

Wazee waliuliza kuhusu ada, na vyuo vya VETA, na kama mtoto asiyefaulu hisabati anaweza kukubaliwa. Tulikaa hadi usiku tukiandika majina ya vyuo kwenye karatasi za daftari, kila familia na yake.

Binti alikuwa amesikiliza yote akiwa ameegemea nguzo ya kibanda. Mwishowe akauliza yeye, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo siku nzima.

"Mwalimu, kwenye eskaveta, mtu mfupi kama mimi miguu inafika?"

Nikamwambia kiti kinasogea mbele na kupanda juu, na kwamba kwenye mgodi wetu wako wanawake wafupi kuliko yeye wanaoendesha madampa. Baba yake akaniuliza muhula wa kwanza unaanza mwezi gani.